Unataka kusomea radiografia? Anza na fizikia, afu jifunze kusubiri pumzi ya mgonjwa

Kila matokeo ya fomu foo yakitoka napata meseji za wadogo zangu toka Uyole, Mbalizi, Makambako mpaka Mafinga, na swali ni lile lile, kaka nina D ya fizikia na C ya baiolojia, naweza kusomea ile kazi ya kupiga picha hospitali? Unaweza. Sema wengi wanaingia wakijua ni kazi ya kubonyeza kitufe, afu semesta ya kwanza tu wanakutana na fizikia wanatamani kurudi nyumbani, kwaiyo ngoja nikueleze ujipange vipi kabla hujafika huko.

Kuingia sio kugumu. Diploma ni miaka 3, ngazi ya 4 mpaka ya 6 kwa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), unatakiwa uwe na pasi nne za masomo yasiyo ya dini na ndani yake fizikia, kemia na baiolojia lazima ziwemo, hesabu na kiingereza zinakuongezea nafasi. Ukipita fomu siksi chukua PCB (fizikia, kemia, baiolojia) uombe digrii. Muhimbili na Bugando ni majina utakayoyasikia sana kwenye fani hii, ila usiende kwa kusikia, chukua kitabu cha mwongozo cha mwaka huo huo, cha NACTVET kwa diploma au cha TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa digrii, uone kwa macho yako kwamba chuo kimo na kozi yenyewe imo. Nasisitiza hili kwasababu inaniuma sana kuona mzee kauza magunia ya viazi msimu mzima, hela ikaishia kwa mtu wa stendi aliyeahidi nafasi ya chuo.

Haya, fizikia. Siku umeme ukikatika washa tochi, imulike ukutani, afu rudi nyuma taratibu. Duara linakuwa kubwa na mwanga unafifia. Mionzi ya eksirei inafanya hivyo hivyo, ukiongeza umbali mara mbili inayofika inabaki robo. Ukimtoa mgonjwa sentimita 100 ukampeleka 180, inayomfikia inapungua zaidi ya mara 3, na hapo utaelewa kwanini namba za kwenye mashine hazikaririwi. Sasa weka mkono wako mbele ya hiyo tochi. Ukiwa karibu na ukuta kivuli ni kidogo na kingo zake zimekaa sawa, ukiusogeza kwenye tochi kinavimba na kuwa na ukungu. Ndo maana picha ya kifua mgonjwa anageuza mgongo kwenye mashine na kifua anakigandisha kwenye bodi inayopokea picha, moyo uko upande wa mbele, tunataka uwe karibu na bodi usionekane mkubwa kuliko ulivyo. Ukishika hayo mawili umeshika nusu ya mwaka wa kwanza, kweli kabisa.

Kingine ni kV na mAs, namba mbili unazoziweka kwenye mashine kabla ya kupiga. kV ni uwezo wa mionzi kupenya, mAs ni wingi wake. Mbeba magunia wa Mwanjelwa mwenye kifua kipana hapigwi kwa namba moja na mgonjwa wa TB aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika. Kuna kanuni wanafunzi wengi wanaipuuza, ukipandisha kV kwa asilimia 15 picha inabadilika karibu sawa na ukiongeza mAs mara mbili, ielewe mapema, ukipandisha kV unaweza kupunguza mAs na hapo unamwokoa mgonjwa na mionzi mingi ya bure.

Anatomia isome kwenye mwili wako mwenyewe. Mifupa iko 206, usikae kuimba majina kama shairi. Nyosha kidole gumba juu kwa nguvu, hapo chini yake karibu na kifundo cha mkono panatokea kishimo, bonyeza hapo. Huo mfupa unaougusa ni skafoidi. Dereva wa boda akianguka akajikinga na kiganja, huo huwa unavunjika na ndo unaojificha kwenye picha ya siku ya kwanza, kwaiyo akikwambia panauma hapo kwenye kishimo usipige picha mbili za kawaida ukamruhusu, kuna mkao wake maalum. Na mfupa mrefu siku zote piga pande mbili, mbele na ubavuni, na joint ya juu na ya chini zionekane.

Sasa fildi, hapa ndo penyewe. Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja toka Rungwe, kakohoa miezi. Nikampanga vizuri, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele ili mabawa ya mgongo, ile mifupa mipana ya nyuma ya mabega, yatoke kwenye mapafu, nikarudi nyuma ya ukuta nikasema haraka haraka "vuta pumzi, shikilia" nikapiga. Msimamizi wangu akaiangalia picha akaanza kuhesabu mbavu za nyuma kwa kidole, moja, mbili, akaishia saba. Inatakiwa ufike kama kumi. Mzee hakuvuta kitu, moyo ukaonekana umevimba na chini ya mapafu kama kuna nimonia. Tukarudia. Yaani mzee wa watu alikula mionzi mara mbili kwasababu mimi nilikuwa na haraka, na picha ile ingefika kwa daktari angetibiwa ugonjwa asio nao. Toka siku hiyo nasalimia kwanza, "mugonile" kwa Mnyakyusa, "kamwene" kwa Mhehe, afu navuta pumzi mimi mwenyewe mbele yake anione kifua kinavyopanda, tunajaribu pamoja mara mbili bila mionzi, ndo napiga.

Mwezi wa sita na wa saba Mbeya baridi kali, mtu anakuja na masweta matatu na koti, utaona uvivu kumvua. Mvue, mpe gauni na umfunike anaposubiri. Zipu, vifungo, pini, sarafu vyote vinatokea kwenye picha. Nywele zilizosukwa zikilalia bega ndo hatari zaidi, zinaangukia ncha ya juu ya pafu, pale pale TB inapopenda kukaa. Zifunge juu ya kichwa.

Mtoto wa kike akija na mama yake au mama mkwe, swali la ujauzito usimuulize mbele yao, hatakwambia ukweli. Muulize peke yake chumba cha kubadilishia, kwa sauti ya chini, na muulize siku zake za mwisho ni lini.

Beji yako ya kupimia mionzi ivae kila siku kifuani, ndani ya aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, sio kuiacha droo. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi) kwa mwaka, na anayesimamia mambo ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu, makao yake Arusha. Na picha ya mgonjwa usiipige kwa simu ukaitupia kwenye magrupu hata kama ni ya ajabu kiasi gani, ina jina lake pale juu.

Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Radiolojia, lipo kwa sheria ya 2007, bila usajili na leseni usishike mashine popote hata kama ni kliniki ya mjomba.

Kama udahili bado haujafunguliwa, wiki hii tafuta daftari lako la fizikia, ile mada ya fomu foo ya elektroni zinazotoka kwenye waya uliopata moto. Eksirei inaanzia hapo.