Piga hodi kwanza: somo kwa wanaokuja bustanini mara ya kwanza

Juzi familia moja iliondoka bustanini kwetu hapa Tanga ikisema, "Hamna kitu humu, majani tu." Walikuwa wamepita mbele ya mdimu wenye viwavi kumi na mmoja. Iliniuma, maana hakuna aliyewaonyesha pa kutazama ndege na wadudu. Basi tuanze.

1. Chagua saa. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, huwa kwenye maua tangu saa 12 na nusu asubuhi. Vipepeo hungoja jua, maana hawaruki mpaka miili yao ipate joto, kwa hiyo saa 3 hadi saa 5 ndiyo yao. Mchana hata sisi walezi wa bustani tunakaa kivulini.

2. Piga hodi. Si kwa mdomo. Simama langoni dakika 5 umetulia, simu iwe kimya. Ndege wa kwanza kukuona atalia kuwaonya wenzake. Wakiona husogei, wanarudi kwenye shughuli zao. Tafadhali usicheze milio ya ndege kwenye simu ili waje. Dume atakuja kweli, akidhani kuna dume mwingine amevamia kwake, na makinda yatakaa na njaa huku yeye anagombana na simu yako.

3. Fuata njia ya makumbi ya nazi. Kwenye majani makavu ya pembeni wanaishi jongoo na konokono. Ukifunua jiwe, lirudishe lilivyokuwa.

4. Chuchumaa kwenye mdimu. Hapa usiwe na haraka. Utaona kitu cha kahawia chenye baka jeupe juu ya jani, ukadhani ni kinyesi cha ndege. Ni kiwavi mchanga, na kufanana huko ndiko kunakomwokoa asiliwe. Akikua anageuka kijani. Akiguswa, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali inakufikia puani. Watoto hupenda kumchokoza kwa kijiti waone pembe. Mimi huwaambia wasubiri chungu apite mgongoni mwake. Huenda akazitoa mwenyewe. Na yale majani yaliyoliwa msiyasikitikie, mdimu utachipua.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu alishika kiwavi akavimba mkono. Ni hao wa mdimu?*

Marahaba mwanangu, na pole. Wa mdimu hawawashi. Huyo bila shaka alikuwa wa manyoya. Usimsugue mtoto: bandika selotepu pale na uivute ili manyoya yatoke, kisha osha kwa maji na sabuni. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

*Bibi anasema kinyonga ana sumu, tumuue.*

Mwambie bibi kwa heshima zote kwamba hana sumu. Akiwa na hofu hujaza pumzi, hufoka na kupanua mdomo, ndiyo maana watu wanamwogopa. Mwacheni avuke.

*Naweza kukata kipande cha ua nikapande nyumbani?*

Hapana, dada yangu, ila omba mbegu kwa mlezi, tunagawa. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau huku kwetu Usambara, likapelekwa Ujerumani. Leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya, huku msituni kwake likipungua kwa sababu miti iliyolitia kivuli inakatwa. Nikikumbuka hilo, mkono wangu unakuwa mzito kung'oa chochote.

*Tumbili wakija, tuwape ndizi?*

Msiwape. Tumbili aliyezoea kupewa hunyang'anya, na akishamng'ata mtoto, watu huja na mawe.

*Kaka, usiku tunaruhusiwa kuja kumwona komba?*

Karibuni, ila msizidi watu wanne na mlezi awepo. Fungeni kitambaa chekundu kwenye tochi wala msimmulike machoni. Mkisikia kama mtoto analia juu ya mkwaju, ndiye huyo; zimeni tochi msubiri.