Umeme ukikatika na mtoto anategemea mashine: tunavyojipanga nyumbani Kigoma

Mashine ya kunyonya makohozi ina namna yake ya kuzimika. Inashusha sauti kwanza, kama bajaji inayoishiwa mafuta kwenye kilima, halafu kimya. Niliisikia hiyo sauti usiku mmoja wa masika, mvua inapiga bati na radi inapasua juu ya ziwa, mrija bado uko mdomoni mwa mwanangu. Ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo, kumeza kwake ni kwa shida. Baba yake akawasha tochi ya simu akaishika kwa meno ili mikono yote miwili imshike mtoto. Chaji ilikuwa asilimia tisa. Mpira wa kunyonyea kwa mkono tulikuwa nao, tumeununua kwa hela yetu. Uko wapi? Hakuna aliyejua.

Tulimlaza ubavu, nikamfuta kwa kitambaa nilichokizungusha kidoleni, na Mungu akasaidia akakohoa mwenyewe. Mpira tuliuona asubuhi nyuma ya kiroba cha maharage. Kaka yake alikuwa ameufanya bastola ya maji.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, hili somo limeandikwa na mtu aliyeshafeli mtihani. Na kabla hamjaniambia kwamba siku hizi kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 na mgao umebaki hadithi: mgao na kukatika ni mambo mawili. Mti ukiangukia waya mtaani kwenu, au transfoma ikipigwa na radi, megawati za bwawa hilo la Mto Rufiji hazikufikii. Na Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa ilizima umeme mikoa mingi kwa mpigo. Sisi wa Kigoma tuliokulia kwenye umeme wa jenereta za dizeli giza tunalijua. Tofauti ni kwamba zamani hatukuwa na mashine kitandani.

Hatua ya kwanza: andika dakika

Watu wengi wanaanza na swali la jenereta ya shilingi ngapi. Acha kwanza. Chukua karatasi, andika kila kitu cha umeme anachotumia mtoto, na mbele yake andika anaweza kukaa dakika ngapi bila hicho kitu. Muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba pale unapokisia.

Karatasi yangu inasema hivi. Kunyonya makohozi, dakika mbili au tatu. Nebulaiza, ile mashine ya kumvutisha dawa kama mvuke, kama kifua kimebana nusu saa, kama hakijabana hata hadi kesho. Godoro la hewa, saa mbili, kwa sababu baada ya hapo lazima nimgeuze mwenyewe kwa mikono asipate vidonda. Feni, usiku mzima, tutalalamika lakini hatutakufa. Blenda ya chakula chake, hadi mlo unaofuata.

Sasa kanuni yangu ni hii: kilichoandikwa dakika chini ya kumi, mbadala wake usiwe na waya wala betri, na ukae mkono unapofika ukiwa umelala. Vingine vyote unaweza kuvitafutia betri, jua, jirani au subira.

Hatua ya pili: vya mkono

Mpira wa kunyonyea unauzwa maduka ya dawa kwa ajili ya watoto wachanga. Nunua miwili. Unaubinya kwanza nje, ndipo unaingiza ncha shavuni au mwanzoni mwa pua, unaachia taratibu. Ukiubinya ukiwa tayari ndani unayasukuma makohozi yanakotoka. Usiusukume kooni. Mtoto awe amelala ubavu, uso umeinama kidogo, ili mvutano wa ardhi ukufanyie nusu ya kazi. Osha kwa maji ya sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, ukaushe vizuri, maana ndani ndiko ukungu unakoota. Zipo pia pampu za kukanyaga kwa mguu. Ukipata nafasi ya kununua, ni kitu cha maana kuliko jenereta.

Badala ya nebulaiza, muulize daktari kuhusu pampu ya pumu pamoja na spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili mtoto aivute dawa taratibu. Spesa inaweza kutengenezwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu ili ibane, mdomo wa chupa unaelekea kwa mtoto. Kwa asiyeweza kubana chupa kwa midomo unahitaji barakoa. Idadi ya mipulizo akuandikie daktari mapema, ubandike ukutani. Saa nane usiku si saa ya kukumbuka.

Hatua ya tatu: betri, na hesabu yake

Hapa ndipo hela zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu, utaiua. Zimebaki 600. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine, nayo inakula chake, weka umebaki na 500 hivi. Geuza mashine ya mtoto uangalie kibandiko cha nyuma kimeandikwa wati ngapi. Nebulaiza ya wati 120 ikifanya kazi robo saa inakula wati-saa 30, kwa hiyo betri hiyo inakupa kama mara 16. Mashine ya makohozi ya wati 100, dakika tano kila mara, zaidi ya mara 50. Lakini mashine ya kutengeneza oksijeni ya wati 350? Saa moja na nusu haifiki.

Ndiyo maana nasema andika dakika kwanza. Betri hiyo hiyo kwa mtoto mmoja ni wiki ya amani, kwa mwingine ni muda wa kutafuta usafiri tu.

Inveta ichague inayotoa umeme laini sawa na wa ukutani. Zile za bei ya chini sana mota za mashine hazizipendi, zinanguruma na kupata moto. Na umeme ukikatika chomoa mashine zote kwenye soketi. Unaporudi huwa unakuja kwa kishindo, na watoto wakishapiga kelele "umerudiii!" subiri dakika tano ndipo uchomeke.

Jenereta kama unayo, ikae nje, mbali na madirisha, hata kama mvua inanyesha na unaogopa wezi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jiko la mkaa vivyo hivyo, usiliingize ndani kupasha chumba.

Hatua ya nne: vitu vidogo vinavyoangusha wakubwa

LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwangu mimi, ukihesabu mara zote tulizokaa gizani, nyingi zilikuwa yuniti zimeisha. Nimejiwekea kiwango: mita ikifika yuniti kumi nanunua, sisubiri iwe moja. Tokeni naziandika kwenye daftari, simu ikizima namba zinabaki.

Maji. Huku mjini maji yanasukumwa kwa pampu kutoka ziwani, kwa hiyo umeme ukikaa sana bila kurudi, bomba nalo linaanza kukoroma. Kuna ndoo mbili zenye vifuniko chumbani kwa mtoto ambazo haziguswi na mtu.

Mwanga. Taa ya sola na tochi ya kuvaa kichwani. Hii ya kichwani ndiyo iliyomwokoa baba yake meno. Kibatari na mshumaa hapana, mtoto asiyeweza kukimbia hawekwi chumba kimoja na moto.

Neti. Feni ikizima, mbu wanajua kabla yako.

Hatua ya tano: watu

Mweleze jirani mmoja wa karibu jinsi ya kumlaza mtoto ubavu. Mmoja anatosha, ila akuone ukifanya na yeye afanye mbele yako. Uwe na namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani kwenu, na wajue nyumba. Andika kwenye karatasi jina la mtoto, hali yake, dawa na dozi, uzito wake, utakayomkabidhi muuguzi zamu ya usiku bila kuhadithia upya. Na uliza mapema, mchana, kituo gani cha afya kilicho karibu nawe kina jenereta na oksijeni, usije ukavuka kituo kizima ukikimbilia hospitali ya mkoa ya Maweni, au ukaishia kituo kilicho gizani kama kwako. Shirika la umeme, TANESCO, wakitangaza matengenezo huwa wanataja maeneo na saa. Na hitilafu unaripoti kwa 180.

Hatua ya sita: zima mwenyewe

Jumamosi moja kwa mwezi, baada ya chakula cha usiku, baba yake anashusha meinswichi bila kutuambia. Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Tochi ilikuwa na betri zilizovuja, mimi nimejikwaa kwenye kigoda, na jirani akapiga hodi kuuliza kwa nini kwetu tu ndiko giza.

Maswali ya wenzetu

*Mama wa Ujiji: Betri ya gari ya mume wangu haifai? Ipo tu.*

Kwa dharura ya usiku mmoja itakusogeza, dada. Ila imetengenezwa kuwasha gari kwa nguvu ya mara moja, si kunyonywa taratibu hadi iishe. Ukiifanyia hivyo mara chache inakufa. Na usiichajie chumbani, inatoa gesi inayoweza kulipuka. Angalia pia kama mashine yako ina tundu la volti 12, nyingine zinachomekwa moja kwa moja bila inveta.

*Baba wa Uvinza: Mwanangu anatumia oksijeni nusu lita kwa dakika, mashine ya nyumbani. Nifanyeje?*

Kaka, wewe usihangaike na betri kama mpango mkuu. Ongea na hospitali inayomhudumia kuhusu mtungi wa akiba. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi bar 150 una lita 1,500 hivi za oksijeni. Kwa nusu lita kwa dakika ni dakika 3,000, yaani saa 50. Hesabu 35, zilizobaki ni za njiani. Ufungwe wima usianguke, na hakuna sigara, jiko wala mafuta ya kupaka karibu na kichwa cha mtungi. Ufunguo wake uning'inie kwenye mtungi wenyewe, kwa kamba.

*Bibi wa Kasulu: Mjukuu wangu hana mashine, ana usonji. Giza likiingia analia mpaka anajigonga kichwa ukutani.*

Shikamoo bibi. Kwake yeye kinachotisha zaidi huenda ni ule ughafla. Mpe taa yake mwenyewe, ndogo ya sola, ikae mahali pamoja kila siku, na aiwashe yeye kila magharibi hata umeme ukiwepo. Giza likija, kuna jambo analolijua la kufanya. Wimbo uleule, maneno yaleyale. Na weka mto pale ukutani anapopagonga.

*Mama wa Kibirizi: Insulini ya binti yangu iko kwenye friji. Umeme ukikaa siku mbili?*

Friji usiifungue ovyo, inashika baridi kama saa nne. Chupa anayoitumia sasa kwa kawaida hukaa nje ya friji hadi wiki nne ikiwa mahali pasipo joto kali. Soma karatasi yake na umuulize mfamasia. Za akiba ziweke kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaoumwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Zifunge kwenye mfuko zisilowe. Usiziweke juu ya barafu, ikiganda imeharibika.

*Shangazi anayelea, Gungu: Tumepanga, mita ya LUKU ni moja wapangaji watano. Kila mtu anasubiri mwenzake anunue.*

Hiyo naijua, nimeshagombana nayo. Waite waone mashine ikifanya kazi, mtoto akiwa kitandani. Maneno hayakusaidia kwangu, kuona ndiko kulikosaidia. Halafu wewe ndiye ushike kazi ya kukusanya hela na kusoma mita. Ni kero, lakini ukisubiri mwingine utasubiria gizani.

*Mama wa Buhigwe: Blenda ikizima, chakula chake?*

Kinu na chujio la waya, mama yangu. Viazi, ndizi au maharage yaliyoiva sana, unasukuma kwa mgongo wa kijiko, unalainisha kwa mchuzi na tone la mawese. Chuja mara mbili kama anapaliwa.

*Baba wa Mwanga: Hayo mazoezi ya kuzima umeme, ndugu zake hawaogopi?*

Mara ya kwanza waliogopa. Sasa hivi kaka yake ndiye mwenye saa, anahesabu kwa sauti tangu giza liingie mpaka mpira ufike mkononi mwangu. Tulianza na dakika nne na zaidi, mwezi uliopita ilikuwa sekunde 40. Na bastola ya maji tumemnunulia.