Kabla hujasaini na mdhamini, soma hiki kipengele
Oya mdogo wangu unayekipiga hapo Temeke, ukiletewa mkataba wa udhamini usikimbilie kuangalia mkwanja tu, tafuta kipengele cha maadili, kile kinachomruhusu mdhamini kukukata ukifanya kitu cha kumchafulia jina, ndo kinachokabaga watu. Mwaka 2011 Rashard Mendenhall, mchezaji wa Pittsburgh Steelers, timu ya futiboli ya Kimarekani, alituiti kuhusu kifo cha Osama bin Laden, wadhamini wake Champion, wale wa nguo za michezo, wakamtema kwa kipengele hicho, akawashtaki, mwisho wakamalizana nje ya mahakama. Sasa we omba maneno kama "kuchafua jina la kampuni" yafafanuliwe, nani anaamua kwamba umechafua, unapewa nafasi ya kujitetea au unakatwa tu, na hela ya kazi ulioshafanya inalipwa? Uliza na ukilaiki posti za siasa mtandaoni inahesabika au vipi. Halafu mpe mwanasheria asome, sio mjomba ako.