Asilimia ya dodoso iambatane na masafa yake

Unapoandika kwamba asilimia 40 ya wahojiwa wamekubali jambo fulani, umetoa kadirio la nukta moja tu (namba moja pekee), bila masafa yanayoonyesha jibu la kweli linaweza kuwa kati ya wapi na wapi, na msomaji hana namna ya kujua kama limetokana na watu 40 au 4,000. Tuseme sampuli nasibu ilikuwa na watu 400: zidisha 0.4 kwa 0.6, gawanya kwa 400, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96. Utapata takriban 0.048; ukiitoa kwenye 0.4 na kuijumlisha humo, unapata masafa ya asilimia 35.2 hadi 44.8 kwa kiwango cha kujiamini cha asilimia 95 (yaani, njia hii hunasa jibu la kweli katika takriban sampuli 95 kati ya 100).

Kanuni hiyo, hata hivyo, huharibika uwiano unapokaribia sifuri au moja, hasa sampuli ikiwa ndogo. Iwapo hakuna hata mmoja kati ya wahojiwa 60 aliyejibu ndiyo, kanuni itakupa masafa ya sifuri hadi sifuri, kana kwamba una uhakika kamili, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Hapo tumia njia ya mwanatakwimu Edwin B. Wilson ya mwaka 1927, ambayo itakupa sifuri hadi asilimia 6 hivi. Binafsi naipendelea karibu kila mara.

Aidha, ikiwa wahojiwa walichaguliwa kwa makundi, kama vile kaya za mtaa mmoja, majibu yao hufanana, na masafa halisi huwa mapana zaidi. Kwa mfano, mfanano huo ukifanya varianisi ya kadirio (ile namba unayopata kabla ya kutafuta kipeuo cha pili) iongezeke maradufu, ile 0.048 hufikia 0.068.