Kusukuma theluji kwa trekta dogo: panga Oktoba, usingoje Januari

Mke wangu huingia zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa dakika 40 kutoka kwetu. Theluji ikianguka usiku, saa tisa na nusu mimi niwe nimeshawasha trekta, la sivyo gari lake halitoki. Waafrika Mashariki wengi hapa Minnesota, Marekani, tunaishi kwa ratiba za namna hii. Nawaona pia wenzetu wakihama Brooklyn Park na Minneapolis kwenda kununua nyumba nje ya mji, penye ekari mbili tatu na njia ndefu ya kuingilia. Hao ndio ninaowaandikia.

Kama uko mjini na mbele ya nyumba pana nafasi ya magari mawili tu, trekta huhitaji. Beleshi pana la plastiki au mashine ndogo ya kurusha theluji vinatosha. Kumbuka tu kwamba Minneapolis inakudai usafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ya familia moja ndani ya saa 24 baada ya theluji kukatika.

Njia yetu ni ya changarawe, urefu mita 60, upana mita 4. Ikianguka theluji ya sentimita 20, hiyo ni mita za ujazo 48. Theluji kavu ya Januari ina kama kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mbele ya mlango wako pamelala karibu tani 5. Ile nzito yenye maji ya mwezi Machi inaweza kufika mara tatu ya hapo. Kila majira ya baridi watu wanakufa kwa mshtuko wa moyo wakiwa na beleshi mikononi, na wengine hawajafika hata miaka 50. Sioni aibu yoyote kumwachia trekta mzigo huo.

Lakini trekta haliiyeyushi theluji, linaihamisha tu. Theluji unayoisukuma Novemba utakuwa nayo mpaka Aprili, na hili mimi sikulielewa mwaka wa kwanza. Nilikuwa naisukuma pembeni, pale pale ukingoni mwa njia, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Ilipofika Desemba kuta zilikuwa magotini na zimeganda kama saruji. Kila nikipita, bledi, yaani lile bapa la chuma la kusukumia theluji, inagonga ukuta na theluji inanirudia njiani. Mwisho wa Januari njia ya mita 4 ilikuwa imebaki mita 2 na nusu. Siku moja likaja lori la gesi ya kupashia nyumba joto. Dereva akashuka, akapima kwa macho, akatikisa kichwa, akageuza. Nje ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri, na mshale wa tangi ulisimama kwenye asilimia 15. Nilishinda kutwa na sururu nikivunja ukuta nilioujenga mwenyewe, watoto wakinichungulia dirishani wamejifunika mablanketi. Lori lilirudi baada ya siku mbili.

Tangu hapo theluji ya kwanza naisukuma mbali kuliko ninavyodhani inatosha: mita 2 au 3 ndani ya nyasi, kila upande. Theluji nne tano zijazo zinapata pa kulala. Njia ya kwenda kwenye tangi la gesi naisafisha siku hiyo hiyo, kwa sababu dereva lazima avute mpira wake hadi pale. Na kabla ya kurundika popote natazama upepo. Huku upepo mkali wa majira ya baridi hutoka kaskazini-magharibi. Ukiweka lundo upande huo linakuwa kama uzio: upepo ukilivuka unapoteza kasi na kuangusha theluji yake nyuma ya lundo, yaani katikati ya njia yako. Rundika upande wa kusini na mashariki kadiri eneo linavyokuruhusu.

Mtu atasema baridi nyingine huwa nyepesi. Ni kweli. Minneapolis na St. Paul hupata wastani wa sentimita 130 kwa msimu. Lakini msimu wa 2022–23 ulipita sentimita 225, na dhoruba iliyoanza 31 Oktoba 1991 ilimwaga sentimita 72 kabla haijakoma siku ya nne. Oktoba hujui utapewa upi, kwa hiyo panga kwa ule mzito.

Sehemu nyingine ya kufikiria mapema ni mdomo wa njia, pale inapokutana na barabara. Sheria ya Minnesota inakataza kusukuma theluji yako kuiingiza au kuivusha barabara ya umma, na mtaro wa barabara umo katika katazo hilo. Usimwige jirani anayeivusha ng'ambo. Tuta analoliacha katikati likiganda linaweza kupindua gari la mtu. Halafu kuna greda la serikali, ambalo litapita ukiwa umeshamaliza na kukuachia ukuta wa mabonge mdomoni. Mzee jirani yangu, mkulima wa mahindi na soya, ndiye aliyenifundisha dawa yake. Simama njiani kwako ukitazama barabara: greda litatokea kushoto. Basi safisha kando ya barabara, upande huo wa kushoto, nafasi ya mita 4 au 5 kabla ya mdomo wako, na ya kwako irundike kulia. Greda likifika linatua mzigo wake kwenye ile nafasi, na mdomoni linapita karibu tupu. Usisahau sanduku la posta, maana mpeleka barua asipolifikia na gari lake hakuachii kitu.

Sasa mashine. Nimekulia Karatu, Tanzania, nimepanda trekta tangu nikiwa mdogo kwenye mashamba ya ngano, nikadhani hakuna la kujifunza. Kumbe kule trekta linavuta na matairi yanauma udongo. Huku linasukuma, na chini ni barafu. Trekta la nguvu za farasi 20 hadi 25 linalosukuma kwa magurudumu yote manne linatosha kabisa kwa nyumba. Bledi ya nyuma ndiyo ya bei nafuu, ila matairi yanaikanyaga theluji kabla bledi haijaifikia, na shingo itauma kwa kugeuka. Ya mbele ni bora. Hakikisha ina springi zinazoiruhusu kulala ikigonga jiwe au kisiki, la sivyo kipigo chote kinakwenda kwenye mikono ya trekta na kuipinda. Angalia upana pia. Bledi ya mita 1.8 ukiigeuza pembe ya nyuzi 30 inasafisha mita 1.56 tu, nayo lazima izidi upana wa matairi, vinginevyo utakuwa unakanyaga theluji unayoiacha.

Nunua minyororo ya matairi ya nyuma. Magurudumu manne hayasaidii kitu kama yote manne yanateleza pamoja. Kabla ya kuifunga, pima kama kuna nafasi kati ya tairi na mudigadi. Ukiwa na bledi ya mbele, nyuma weka uzito. Mimi nina pipa nililolijaza zege, limening'inia kwenye mikono mitatu ya nyuma, na trekta linatulia kabisa.

Oktoba, ardhi ikiwa bado laini, pigilia vijiti virefu vyenye utepe unaong'aa kando zote mbili za njia, kila baada ya mita 5 hivi. Ardhi ikishaganda nyundo haikusaidii, na theluji ikishafunika hutajua njia inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Mwezi huo huo maliza dizeli iliyobaki tangini tangu kiangazi. Dizeli ya kawaida ina nta, na baridi ikikolea nta hugandana na kuziba chujio, injini inazima ukiwa katikati ya njia. Vituo vya mafuta vya huku huuza dizeli ya msimu wa baridi, jaza hiyo. Pima kulanti, yaani maji ya kupozea injini, paka grisi kila penye kiungo, na betri ikiwa na miaka minne mitano ibadilishe bila kuibembeleza.

Hita ya injini ni jambo la lazima. Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye injini na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba. Yangu nimeiunga na swichi ya saa inayoiwasha saa saba usiku. Nikitoka saa tisa na nusu, injini inapokea kwa mzunguko wa kwanza. Usisukume hapo hapo lakini. Liache trekta liungurume dakika kumi, maana mafuta ya haidroliki yakiwa baridi ni mazito kama asali na bledi inapanda kwa kusuasua. Litoe nje ya banda kwanza, tafadhali. Moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa unaua, na gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu ya kukuonya mapema.

Theluji ya kwanza ya msimu kwenye changarawe usiikwangue mpaka chini. Ardhi haijaganda, utabeba kokoto zote ukazimwage kwenye nyasi. Shusha viatu vya bledi, vile vibati vya chini vinavyoibeba, ili makali yabaki sentimita 3 juu ya ardhi, na ile theluji inayosalia ikanyagwe na magari mpaka iwe sakafu ngumu. Wengine huchana bomba la chuma kwa urefu wake na kulivika kwenye makali ya bledi, likateleza juu ya kokoto badala ya kuzichimba. Nimejaribu, linafanya kazi. Ardhi ikishaganda, livue, pandisha viatu, na wenzo wa kushushia bledi usukume mpaka ile nafasi ya mwisho inayoiacha bledi ijilaze yenyewe na kufuata mabonde ya ardhi.

Anza katikati, ukisukuma kwenda pembeni, kwa gia ndogo. Mwendo ukiwa sawa utaona theluji inajiviringisha mbele ya bledi kama mkeka unaokunjwa, inatiririka upande mmoja, na sauti inakuwa moja tu, mkwaruzo mrefu usiokatika. Sauti ikibadilika ghafla, simama. Mbele ya mlango wa banda la gari usisukume kuelekea mlangoni; fika karibu, shusha bledi, rudi nyuma ukiikokota theluji mpaka mbali, kisha igeuze. Utabiri ukisema inchi 12, yaani sentimita 30, usingoje ziishe. Toka kila zikifika sentimita 10. Theluji ikigandamana kwenye bledi, ipanguse ikauke na uipake nta ya gari.

Funga mkanda, na nguzo ya kukinga mtu trekta linapopinduka iwe imesimama. Watangazaji wa huku husoma joto kwa Farenihaiti: sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri kwetu. Baridi pamoja na upepo ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Vidole vikianza kufa ganzi, ingia ndani, njia itasubiri.

Na watoto. Watoto wetu wanayapenda sana yale malundo, wanachimba mapango na kuingia humo wakae. Aliye juu ya trekta hamwoni mtoto aliye ndani ya lundo, na injini haimruhusu kumsikia. Kwetu sheria ni moja, na haina msamaha: hakuna kuchimba kwenye malundo ya kando ya njia, lipo lundo moja nyuma ya nyumba, mbali na trekta, hilo ni lao. Nikisafisha mchana, naingia ndani kwanza nihesabu watoto wote, wa kwangu na wa wageni, na mtu mzima anabaki nao mpaka nizime injini. Ukisoma mistari yote hii ukakumbuka huu tu, nimeridhika.

Chumvi haifai kwenye changarawe, tumia mchanga. Kwenye zege, chumvi ya kujaza kikombe kimoja kikubwa cha kunywea kahawa inatosha mita 6 za njia ya gari. Baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi haisaidii kitu, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinachafua daima lita 19 za maji ya ziwa au ya kisima tunachokitumia. Ukitaka kuwasafishia majirani kwa malipo, zungumza na wakala wako wa bima kwanza, maana bima ya nyumba mara nyingi haigusi biashara.

Machi theluji ikianza kulegea, tafuta ulipo mdomo wa kalavati chini ya njia yako na uufungue kwa beleshi, maji yapate pa kupitia. Lundo lililo karibu na ukuta wa nyumba lisogeze sasa, kabla halijaingia kwenye chumba cha chini likiwa maji. Zilizobaki ni kazi za mwezi wa Aprili: kurudisha kokoto njiani kwa reki, kung'oa vijiti, kuvua minyororo, na kuipaka bledi mafuta machafu ya injini isishike kutu.