Ng'ombe wa Mirihi: piga hesabu kabla ya kuandika hadithi

Mchana mimi ni mhimilishaji, mtu wa kupandikiza ng'ombe mbegu za fahali, natembea na mtungi wa naitrojeni ya kugandishia mbegu hizo nyuma ya pikipiki. Usiku naandika hadithi za sayansi. Ya kwanza ilipeleka ng'ombe 200 Mirihi, na mfugaji mmoja aliyeisoma akaniuliza swali moja tu kuhusu hei, yaani majani makavu ya kulishia: "Hei kalipia nani?" Tangu siku hiyo nakwenda hivi.

Hatua ya 1: Weka bei ya kilo. Roketi ya Falcon 9 ikijazwa, kilo moja hadi obiti ya karibu na Dunia ni kama dola 3,000. Dunia ya hadithi yako inaweza kuwa rahisi zaidi, ila bei ukishaitaja usiigeuze mbele ya safari.

Hatua ya 2: Hesabu tumbo, si kichwa. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 10 za hei kwa siku. Kwa safari ya siku 240 ni kilo 2,400, mara sita ya uzito wake. Wangu 200 walitaka tani 480: dola bilioni 1.44, na hapo Mirihi bado. Maji yana nafuu, kwani mwaka 2023 Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji yake. Lakini pale hakuna anayekojoa kama fahali.

Hatua ya 3: Zungusha chombo. Waandishi wengi huruka hapa. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe gesi hukaa juu na majimaji chini, ndiyo maana anaweza kubeua. Pasipo uzito hakuna juu wala chini. Gesi itachanganyika na uji wa majani, tumbo litavimba, na kila mfugaji anajua ng'ombe wa namna hiyo hufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo chombo kizunguke ili kuwe na uzito, na chuma cha ziada kiingie kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Jiulize kwa nini wasafiri wakiwa hai. Mrija wa mbegu una nusu mililita au pungufu, na kwenye nyuzi -196 hudumu miaka na miaka. Viinitete navyo hugandishwa. Tatizo ni tumbo la kubebea mimba ya siku 283 hivi, na hilo bado halijatengenezwa na binadamu. Mzigo wa busara basi ni mitamba kumi, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa, na mtungi mmoja wa mbegu. Sasa mpe mtu mmoja mitamba, mwingine mtungi, halafu wagombanishe.

Hatua ya 5: Andika mkataba. Malipo ni kwa waliopakiwa au kwa walioshuka hai? Nahodha anayelipwa kwa waliopakiwa hatakesha na mgonjwa. Na samadi ni ya nani? Usiidharau, udongo wa Mirihi hauna mboji. Kwenye rasimu yangu mpya nahodha ameshaiuza yote kabla hajashusha mtamba hata mmoja, na mwenye mifugo bado hajajua.