Kuomba ruhusa ya kufuga kuku kwenye ploti ya makazi (Kenya): nilivyopita, na pale nilipokwama

Kuku wangu wa mayai walikuwa 300 siku afisa wa afya wa kaunti alipopiga hodi akiwa na notisi mkononi. Ploti yangu ni futi hamsini kwa mia, na hati inasema ni ya makazi. Nilikuwa nimefuga mwaka mzima nikiamini kwamba banda likiwa nyuma ya nyumba yangu, ndani ya ua wangu, basi hayo ni mambo yangu na kuku wangu. Jirani mmoja alikuwa na maoni tofauti kuhusu harufu. Leo ruhusa ninayo kwa maandishi, lakini ilichukua muda karibu mara mbili ya ule uliopaswa. Naeleza njia yenyewe, nikikaa zaidi pale iliponiuma.

Kabla ya kutoa hata shilingi, jiulize kama unahitaji ruhusa. Mwenye kuku kumi wa kienyeji wa kulisha watoto mayai kwa kawaida hasumbuliwi na mtu, isipokuwa sheria ndogo za mji wake zinasema vingine. Ukishaanza kuuza trei kwa maduka na gari la chakula cha kuku linageuza langoni kwako, hiyo ni biashara kwenye ploti ya makazi. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inahesabu kubadili matumizi kuwa ni uendelezaji unaohitaji ruhusa ya kaunti. Ukiendelea bila ruhusa, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda kuwahesabu kuku wangu upya.

Kwa Katiba ya 2010, kilimo na mipango ya ardhi viko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo usifuate maelezo ya binamu yako aliye kaunti nyingine. Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini ya 2015. Kwingine utakuta mambo mengine. Nenda mwenyewe ofisi ya mipango, uliza dirisha la kwanza, kisha uliza la pili, halafu linganisha majibu. Mimi nilipata majibu mawili tofauti umbali wa hatua nne.

Uliza pia jina sahihi la unachoomba. Kama bado unaishi pale na kuku ni nyongeza, huenda unachohitaji ni kuongeza matumizi, wala si kubadili. Wakala aliyenishika mlangoni alitaka nianzie bodi ya ardhi. Nikapoteza asubuhi nzima kwenye benchi, hadi mama mmoja aliyekuja kugawanya shamba la marehemu mumewe akaniuliza, "Na wewe unauza kipande gani?" Idhini ya bodi ile ni ya mashamba ya kilimo yanayouzwa, kugawanywa au kukodishwa. Ploti ya makazi yenye banda la kuku haina shughuli huko.

Makaratasi ya kawaida mnayajua: nakala ya hati, upekuzi rasmi wa hati uliofanywa karibuni, cheti kwamba kaunti haikudai kodi ya ardhi, kitambulisho, PIN ya KRA, ramani ya eneo. Lipa deni la kodi ya ardhi mapema, kwa sababu mfumo wa malipo una siku zake za kulala, na siku hizo hupenda kuangukia mwisho wa mwezi.

Utahitaji mpanga miji aliyesajiliwa (usiseme "mpangaji", karani atakuuliza unakodisha vyumba vingapi). Yeye ndiye anayeandika ripoti ya kuombea. Mwombe namba ya usajili kabla ya kumpa malipo ya kwanza, kisha ripoti yenyewe isome. Ya kwangu ilijaa maneno matamu ya uwekezaji, na ukurasa wa sita ukaeleza namna matangi ya mafuta yatakavyozikwa ardhini. Alikuwa ameinakili kutoka kwa mteja wa kituo cha petroli. Kuhusu kinyesi cha kuku hapakuwa na hata sentensi, na hilo ndilo jambo ambalo idara ya afya italitafuta kwanza. Hakikisha ripoti inasema kuku ni wangapi, banda liko umbali gani kutoka dirisha la jirani, maranda yanabadilishwa baada ya siku ngapi, mbolea inakwenda wapi, kuku akifa anazikwa au anachomwa wapi, na panya mtawafanyaje.

Sasa tangazo. Hapa ndipo nilipokwama.

Ombi lazima litangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kaunti yangu ilitaka kibao langoni pamoja na tangazo katika magazeti mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiswahili, na watu wapewe siku 14 za kuleta pingamizi. Mpanga miji wangu akasema, "Hilo niachie mimi." Nikamwachia. Tangazo likatoka, nikalipiga picha kwa simu, nikawatumia ndugu zangu kwa furaha. Siku 14 zikapita, faili likapelekwa, nikaanza kusubiri.

Wiki ya tano nikaenda kuuliza. Karani akafungua faili, akaweka gazeti kando ya hati, akapitisha kalamu chini ya namba.

"Mama, hii si ploti yako."

Hati yangu inaishia na 47. Tangazo lilisema 41. Kwa wiki tano nilikuwa nimeitangazia nchi kwamba mtu nisiyemjua, barabara ya tatu kutoka kwangu, anataka kufuga kuku. Nilipouliza kama tunaweza kusahihisha kwa kalamu, karani alinitazama kwa huruma ya kweli. Ikabidi nilipie magazeti yote mawili upya, niandike kibao upya, na siku 14 zianze kuhesabiwa upya. Mpanga miji alisema kosa ni la gazeti, gazeti likasema limechapa lilicholetewa. Pesa zilitoka kwangu. Magazeti pekee, kwa mara zote mbili, yalinila kuliko ada yote ya kaunti.

Kwa hiyo fanya hivi. Dai rasimu ya tangazo kabla haijapelekwa gazetini. Shika hati mkononi, mpe mtu mwingine rasimu, msomeane namba tarakimu moja moja kwa sauti, kama watoto wa darasa la pili. Angalia jina la eneo na bloku, matumizi ya sasa na yanayoombwa, na ofisi ambayo pingamizi zitapelekwa. Kama eneo lenu lilibadilishiwa namba za ploti, hakikisha wametumia mpya. Siku ya kutoka nunua nakala mbili za kila gazeti, utunze ukurasa mzima wenye tarehe. Picha yangu ya simu ilikataliwa, na gazeti la wiki iliyopita kulipata ni kumbembeleza muuza mandazi kabla hajafungia.

Jirani mwendee kabla kibao hakijamfikia. Mimi nilikwenda kwa mzee wa upande wa pili nikiwa na trei moja ya mayai, akaniambia, "Mama, mimi sina neno na kuku. Nina neno na nzi." Tukakubaliana kwamba mbolea itaondoka mara mbili kwa wiki, ikiwa kwenye magunia yaliyofungwa. Aliandika barua ya kutopinga, nami nikaiweka kwenye faili. Mayai aliyachukua pia.

Baada ya hapo faili huzungushwa kwa idara: afya, mazingira, barabara, mifugo. Mkaguzi atakuja siku ambayo hukuambiwa. Wa kwangu alipiga simu kwanza kuomba "nauli". Nikamwambia nitalipa kwa furaha akinipa risiti ya kaunti. Akakumbuka kwamba ofisi ina gari, na lile gari likafika baada ya wiki mbili. Banda lisafishwe kila asubuhi katika kipindi hicho, maana ukiliacha siku moja, siku hiyo ndiyo atakayokuja.

Sheria hiyo ya 2019 inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa ichukuliwe kuwa imetolewa. Nilimtajia karani kifungu hicho. Akasema ni kizuri sana, kisha akaniuliza kama nina karatasi. Kwa hiyo hesabu siku zako, tunza risiti yenye tarehe ya kupokelewa, lakini barua idai bado. Ukinyimwa, una siku 14 tu tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti iliyoundwa na sheria hiyo, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno ukizingatia kwamba barua yenyewe inaweza kulala mezani wiki nzima kabla hujapigiwa simu.

Kama hati yako ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa, barua ya kaunti si mwisho. Masharti yaliyo kwenye hati nayo yanapaswa kubadilishwa huko ofisi ya ardhi, na kodi inaweza kukadiriwa upya. Hati yangu ni ya kudumu, nikaokoka.

Barua yangu ilikuja na masharti: nisizidishe kuku 300, nisichinje pale, magari ya chakula yasije usiku. Niliisoma dirishani, nimesimama, kabla ya kutia sahihi kwamba nimeipokea. Mstari wa pili, namba ya ploti: 41. Nikairudisha hapohapo. Waliichapa upya kwa dakika ishirini, na karani akacheka peke yake.